Mwandiko wa Mtu Mwingine

Ofisini walimwita Mama Barua, na jina hilo lilikuwa limemganda kiasi kwamba hata mama yake mzazi alitumia lile la ubatizo siku za kukasirika tu. Kazi yake ilikuwa kutafsiri. Shirika lao la kanisa lilisomesha na kutibu watoto wa vijiji kumi na viwili vya bondeni. Kila mtoto alikuwa na rafiki yake wa ng'ambo aliyemsaidia, na mara tatu kwa mwaka alitakiwa kumwandikia rafiki huyo. Barua zilifika zimefungwa kwa uzi, kijiji kwa kijiji. Mama Barua alizifungua, akazisoma, akazigeuza kwa lugha ya wale watu wa mbali, kisha akazipeleka kwa mkurugenzi zigongwe muhuri.

Hakuwa mtu wa kutulia. Alisoma barua akitembea kutoka mezani hadi dirishani, akaandika mstari mmoja akiwa amesimama, akarudi tena dirishani kutazama mafundi baiskeli ng'ambo ya barabara. Karani wa mapokezi alisema kwamba watu wengine hufikiri kwa kichwa ila huyu hufikiri kwa miguu. Viatu vyake viliisha soli kabla ya ngozi kupauka.

Asubuhi moja, baada ya sala ya ofisi, alifungua bunda la kijiji cha mwisho kabisa, kile ambacho barabara ikikifikia haina tena pa kwenda. Ndani yake alitafuta barua ya Chiriku. Kila mara aliiweka mwisho, kama mtu anayebakiza kipande cha nyama pembeni mwa sahani.

Chiriku lilikuwa jina alilopewa na wenzake shuleni kwa sababu ya mdomo. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na kwa miaka minne Mama Barua alikuwa amemfahamu kwa karatasi tu. Aliandika kama anavyozungumza, bila nukta wala kupumua: kuku wao ametaga ndani ya mkoba wa shule, mwalimu amekaa juu ya mkoba, sasa mwalimu anamchukia kuku. Pembeni mwa barua alichora. Kuku wenye viatu. Mbuzi mwenye mwavuli. Rafiki yake wa mbali, mzee mjane aliyekuwa fundi wa treni kabla ya kustaafu, alijibu kila swali na kuuliza habari za kila kuku.

Barua ya safari hii ilikuwa na mistari sita.

"Mpendwa rafiki. Natumaini u mzima wa afya. Mimi pia ni mzima. Ninaendelea vizuri na masomo. Hali ya hewa ni nzuri. Asante kwa msaada wako, Mungu akubariki."

Hapakuwa na kuku. Nukta zilikuwa zimekaa kila mahali pake kama askari wa zamu. Mwandiko ulilala kulia kama wa Chiriku, lakini ulilala kwa kujilazimisha.

Mama Barua aliiweka chini, akaenda dirishani, akarudi. Kisha alifungua kabati la nakala akaitoa barua ya muhula uliopita. Ilikuwa hivyo hivyo. Hali ya hewa ni nzuri. Masomo vizuri. Yeye mwenyewe alikuwa ameitafsiri wakati wa msongamano wa kufunga mwaka, barua mia moja na arobaini kwa siku nne, na hakuwa ameona kitu. Alizichukua zote mbili, akaenda nazo kwa mkurugenzi.

Mkurugenzi alimsikiliza huku akigonga mihuri. Alikuwa shemasi wa zamani, mtu mwema aliyechoka, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya upande mmoja.

"Mama Barua, watoto hukua," alisema. "Mwanangu mwenyewe alikuwa hanyamazi. Siku hizi nikimsalimu ananijibu 'mh'."

"Mkurugenzi, huu si mwandiko wake."

"Labda alikuwa anaharakisha."

"Mtu akiharakisha haweki nukta."

Mkurugenzi alitabasamu kidogo. "Kazi yako ni kutafsiri kilichoandikwa. Ambacho hakikuandikwa tumwachie Mungu."

Alirudi mezani kwake akampigia simu mwalimu mlezi, yule aliyesimamia watoto wa shirika katika shule ile. Chiriku yupo, mwalimu alisema, mzima kabisa. Basi ampe simu wasalimiane. Yuko uwanjani. Kesho yake alikuwa kwenye mtihani. Siku ya tatu simu iliita hadi ikakatika.

Nyumbani, mama yake, aliyefagia wodi za hospitali kwa miaka thelathini na asiyedanganyika kwa urahisi, alimtazama akisuuza sahani moja kwa muda mrefu.

"Hiyo utaitoboa."

"Mama, mtoto anaweza kubadilika ghafla hivi?"

"Anaweza. Lakini maji hayachemki bila moto. Kuna kilichombadilisha." Mama alimnyang'anya sahani. "Sasa kaa ule, au nenda ukaangalie. Ukiendelea kuzunguka hapo katikati utanipa kizunguzungu na mimi."

*

Kila Alhamisi ya pili gari la zahanati lilikwenda vijiji vya mbali na dawa na chanjo. Lilikuwa na watu wawili. Dereva aliitwa Taratibu kwa sababu hakuwa na hata chembe ya utaratibu huo, na muuguzi, mwanamke mnene wa miaka hamsini, kila mtu alimwita Sista ingawa alikuwa na mume na watoto watano. Mama Barua aliomba ruhusa ya siku moja. Mkurugenzi alimpa akihema, kama mtu anayefungulia mlango mbuzi ambaye hata hivyo angeruka ua.

Njiani, kila Sista aliposimama kuchanja watoto, Mama Barua alishuka na kuanza kutembea mbele ya gari, na gari likamkuta nusu kilomita huko.

"Ukifika kabla yetu utusalimie," alisema Taratibu mara ya tatu.

Shule ilikuwa na madarasa matatu ya matofali yaliyojengwa na shirika, na la nne la miti na mabati. Sista aliweka meza yake chini ya kibaraza cha ofisi, akina mama wakaanza kupanga foleni. Mama Barua alikwenda moja kwa moja darasa la sita. Mwalimu hakuwamo. Watoto walisimama, wakamwamkia kwa pamoja.

"Marahaba, kaeni. Chiriku yuko wapi?"

Watoto arobaini walitazama sakafu kwa wakati mmoja. Juu ya meza ya mwalimu kulikuwa na daftari la mahudhurio. Alilifungua. Jina la Chiriku lilikuwa na alama ya kuwepo kila siku, hadi asubuhi ile ile.

Mwalimu mlezi alimkuta akiwa ameshika daftari. Alikuwa mtu mrefu, karibu na miaka hamsini, mwenye koti moja lililojaa chaki mifukoni. Hakujifanya kushangaa. Alimwonyesha mlango, wakaenda hadi stoo ya madawati mabovu, akafuta dawati moja kwa mkono wa koti ili mgeni akae. Mgeni hakukaa.

"Ni mimi," alisema mwalimu. "Barua zote mbili."

"Yuko hai?"

"Yuko hai."

Ndipo Mama Barua alipoliweka daftari juu ya dawati.

Mwalimu alieleza akitazama mikono yake. Katikati ya mwaka uliopita Chiriku alianguka mstarini asubuhi, wakati wa sala. Alikakamaa, akatetemeka, akatoka povu mdomoni, akajikojolea. Watoto walikimbia. Siku ya tatu akaanguka tena, darasani. Wazazi kumi na mmoja walikuja kusema kwamba ama yeye aondoke ama wao wawaondoe watoto wao, maana waliamini mate ya mwenye kifafa yanaambukiza. Kabla mwalimu hajajua la kujibu, baba mkubwa wa mtoto, ambaye ni mzee wa kanisa, alikuja akamchukua. Alisema jambo hilo ni la maombi, na lisitoke nje.

"Mwezi uliofuata akaangukia motoni, jikoni. Mkono wa kulia."

"Huo anaochorea."

"Huo."

Nje, Sista alikuwa anatania mtoto anayelia, na akina mama wanacheka. Mama Barua alielekeza kidole ukutani, kule sauti ilikotoka.

"Yule pale anakuja kila baada ya wiki mbili, Mwalimu. Kijiji hiki hiki cha huyo mtoto. Hukumwambia?"

"Ningemwambia, angeandika. Akiandika, ofisi inajua. Ofisi ikijua mtoto hasomi miezi mitatu, anafutwa. Ndiyo sheria yenu, nimeibandika mwenyewe ukutani. Na akifutwa yeye, kadi ya matibabu ya nyumba nzima imefutwa. Mdogo wake ana ugonjwa wa seli mundu, anaishi kwa dawa za kadi hiyo." Alijipangusa chaki mikononi. "Nikapiga hesabu. Nikaandika hali ya hewa ni nzuri."

"Uliandika vibaya sana."

"Mimi ni mwalimu wa hesabu."

Siku nyingine Mama Barua angecheka. "Kwa hiyo mnatuogopa," alisema. "Sisi tuliokuja kusaidia."

"Mama," alisema mwalimu kwa upole, "anayekulisha ndiye unayemwogopa kuliko wote."

*

Mama wa Chiriku alikuwa anapepeta maharage mlangoni. Alipowaona mwalimu na mgeni, ungo ulimtulia mkononi. Hakuuliza walichofuata. Alisogea tu, akawapa njia.

Msichana alikuwa ameketi kitandani chumba cha ndani, mgongo ukutani. Alikuwa mrefu kuliko Mama Barua alivyomdhania. Mkono wa kulia ulilala mapajani kama kitu cha kuazima: vidole vinne vimekunjwa kuelekea kiganja, ngozi inang'aa, imevutika.

Mama Barua, ambaye kwa miaka minne alikuwa na maneno elfu ya kumwambia mtoto huyu, akaanza kuropoka. Alisema habari za gari, za Taratibu na mashimo ya barabara, za ofisi. Alisema hadi akajisikia mwenyewe, akaacha. Msichana alikuwa anamtazama.

"Ni wewe unayesoma barua zangu kabla yake?"

"Ni mimi."

"Mwalimu alisema ameandika kwamba nasoma vizuri. Ni uongo. Dhambi hiyo ni yangu au yake?"

Mwalimu, aliyekuwa amebaki kizingitini, aliinamisha kichwa.

"Si yako," alisema Mama Barua.

"Nikianguka siku hizi huwa najua kabla," msichana alisema polepole, kama anayejaribu sauti iliyolala muda mrefu. "Nasikia harufu ya mpira ukiungua. Nikimwambia mama analia, kwa hiyo naenda mwenyewe kulala chini, mbali na moto. Mara nyingine nachelewa."

Mama Barua alitoka nje karibu anakimbia. Alivuka uwanja wa shule, akapita foleni nzima ya akina mama, akamshika Sista kiwiko akiwa na bomba la chanjo mkononi. "Nikimaliza huyu," alisema Sista bila kumtazama. Alimaliza huyo na mwingine mmoja, kwa sababu alikuwa amekwisha kumshika mguu, na dakika hizo mbili Mama Barua alizitembea zote.

Waliporudi walimkuta baba mkubwa. Habari kijijini haina haja ya viatu. Alikuwa amesimama ukumbini akiwa na kofia mkononi, mzee aliyekonda hadi kola ya shati ilimzunguka kama kitanzi.

"Sista, karibu," alisema. "Lakini jambo hili tuko nalo katika maombi. Nimefunga kwa ajili ya mtoto huyu kila Jumatano na Ijumaa, mwezi wa nane huu. Sili, sinywi maji."

Ilionekana. Mama Barua alikuwa amekuja na hasira imepangwa tayari kwa ajili yake, na sasa hakujua aiweke wapi.

Sista aliweka mkoba wake mezani. "Mzee, usiache kuomba. Na mimi naomba. Lakini mwaka juzi ulipovunjika mguu ulikuja kwangu ukirukaruka kama kunguru. Hukukaa nyumbani ukasubiri mfupa usikie sala."

"Mguu ni mguu. Hiki ni kitu kinachomwingia."

"Hakimwingii kitu. Ubongo unapiga kelele kidogo, mwili unatetemeka, basi. Dada yangu mkubwa anacho. Anameza vidonge miaka kumi na tisa na anaimba sauti ya kwanza kwaya ya parokia. Anawakera wenzake kwa kuimba, si kwa kuanguka."

"Itajulikana kanisani," alisema mzee, na sauti ikamshuka. "Nyumba ya mzee wa kanisa. Watasema tuna nini."

"Imekwisha kujulikana, Mzee. Shule nzima ilimwona. Asiyejua ni mimi peke yangu, niliyekuwa na dawa."

Mzee alikaa. Maharage machache yaliporomoka kutoka kwenye ungo. Ndipo mama wa Chiriku, ambaye hakuwa amefungua mdomo tangu walipofika, alipoweka ungo chini na kusimama.

"Shemeji," alisema, "nimekusikiliza miezi minane. Umefunga, nami nimefunga. Sikulaumu. Leo nataka kumsikiliza mtu mwingine." Akamgeukia Sista. "Mpe hivyo vidonge. Niambie saa."

*

Njia yote ya kurudi Mama Barua hakushuka garini hata mara moja, jambo lililomfanya Taratibu amtazame mara mbili kwenye kioo. Alikuwa ameshika bahasha yenye mistari sita.

Mwalimu alikuwa amemuuliza, akimsindikiza hadi garini: "Utaandika nini?" Alikuwa amepanda garini tu. Sasa alijaribu majibu yote. Angeweza kusema msichana aliumia mkono na mwenzake akamwandikia. Kungekuwa na ukweli ndani yake, kama maji ndani ya maziwa.

"Mimi nimemwandikisha," alisema Sista kutoka kiti cha mbele, bila kugeuka. "Mgonjwa mpya, kifafa, kovu la moto. Dawa haitoki bila karatasi. Kwa hiyo usijichoshe kupika uongo, ofisi itaiona Jumatatu."

"Watamfukuza mwalimu."

"Huenda."

"Na mtoto watamfuta."

"Hapo sasa," alisema Sista, "ndipo utumie huo mdomo wako vizuri kuliko miguu."

Aliandika kurasa nne, zote akiwa amesimama. Hakuacha kitu: mahudhurio, barua mbili, kwa nini. Mwisho aliandika kwamba sheria inayomfuta mtoto kwa sababu ameugua ndiyo iliyoandika barua zile, na mwalimu alishika kalamu tu. Mkurugenzi alisoma hadi mwisho. Alivua miwani.

"Hii ya mwisho uitoe."

"Siitoi."

"Kamati ya shirika itakasirika."

"Sheria ile aliandika nani?"

Mkurugenzi aliuzungusha ule waya wa miwani. "Mimi," alisema. "Kulikuwa na shule iliyokuwa ikitupa majina ya watoto wasiokuwepo. Niliona nimeziba tundu." Hakuugusa tena ule mstari. Barua ilikwenda kwenye kamati kama ilivyo.

Kamati ilikaa majuma matatu baadaye, chumba cha mikutano cha kanisa, na Mama Barua hakuruhusiwa kuingia. Alitembea kibarazani. Aliwasikia wakipandisha sauti, wakashusha, wakaomba, wakapandisha tena. Mkurugenzi alipotoka alikuwa na jasho.

Mtoto mgonjwa hatafutwa tena, hapo wamekubaliana. Kadi ya familia haitategemea mahudhurio. Chiriku atapelekwa kwa madaktari wa upasuaji wanaokuja hospitali ya kanisa mara mbili kwa mwaka. Na Sista atazunguka shule zote kuwafundisha walimu na wazazi habari za kifafa.

"Na mwalimu?"

"Ameondolewa ulezi. Barua ya onyo imekwenda serikalini, kwa afisa elimu. Hatapanda daraja mwaka huu, labda na ujao." Aliona uso wake. "Alighushi daftari la shule siku mia na zaidi, Mama Barua. Ulitaka tuusikie ukweli wako nusu?"

Ndicho hasa alichokuwa anataka, na hakikuwezekana.

Ilibaki barua ya yule mzee wa treni. Aliiandika mwenyewe, mkurugenzi akatia saini: barua uliyopokea mwisho wa mwaka haikuwa ya mtoto, na sababu ni hizi. Kisha akasubiri. Alikwenda kwenye sanduku la posta asubuhi, mchana, na kabla ya kufunga, hadi karani wa posta akaanza kutikisa kichwa akimwona tu ng'ambo ya barabara. Marafiki wengine wa mbali walikuwa wamejitoa kwa makosa madogo kuliko hilo.

Jibu lilikuja juma la tisa. Halikuwa refu. Alikuwa amekasirika, aliandika, na ataendelea kukasirika kwa muda, kwa hiyo wasimwandikie kumbembeleza. Alipopata barua ile ya mistari sita alidhani mtoto amemchoka, akaona ni haki yake, maana yeye ni mzee na anarudia mambo yale yale. Sasa anajua si hivyo. Ataendelea. Na aliuliza ni saa ngapi za kule msichana anameza dawa, ili naye awe anajua.

Mama Barua aliisoma dirishani, akasahau kurudi mezani.

*

Mwaka uliofuata, baada ya mvua, alipanda tena gari la zahanati. Mkono wa Chiriku ulikuwa umefunguliwa na madaktari. Vidole viwili vilinyooka, viwili vilikataa. Kuanguka kulikuwa kumepungua kutoka mara mbili au tatu kwa juma hadi mara moja kwa miezi miwili, lakini dawa zilimlegeza asubuhi, na mara moja ziliisha zahanati kwa siku kumi, siku ambazo Mama Barua aliwapigia simu watu ambao hata hawakuhusika na dawa. Alikuwa amerudia darasa la sita. Aliporudi shule wale wazazi kumi na mmoja waliwaondoa watoto wao; wawili hawakuwarudisha. Tisa waliwarudisha.

Mwalimu wa hesabu alimkuta Mama Barua uwanjani. Koti lilikuwa lile lile. Walisalimiana kwa adabu ya watu waliowahi kuumizana.

"Nimekuja kukuomba radhi," alisema Mama Barua.

"Kwa lipi?"

"Unalijua."

Mwalimu alitoa kipande cha chaki mfukoni, akakitazama, akakirudisha. "Ungerudi siku ile, ungeandika tena?"

Alifikiri kwa dhati. "Ningeandika."

"Basi usiniombe radhi kwa jambo ambalo ungelirudia. Mimi pia ningezighushi tena." Alitazama darasani. "Mke wangu hajakusamehe, huyo usipite kwake. Lakini nina kipindi sasa. Ukitaka, njoo ukae nyuma."

Aliingia. Dawati la nyuma lilikuwa fupi, magoti yakamfika kifuani. Ubaoni kulikuwa na maswali kumi ya kugawanya kwa desimali. Chiriku alikuwa ameketi safu ya pili, karibu na mlango, akiandika kwa mkono wa kushoto huku akimnong'oneza mwenzake wa dawati, msichana mwenye masikio makubwa aliyekuwa anajitahidi kutomsikiliza.

Walikuwa swali la saba Chiriku alipoacha kunong'ona. Aliweka kalamu chini. Alisema, kwa sauti ya kawaida tu, "Mwalimu, mpira unaungua," na akaanza kujishusha kutoka kwenye dawati.

Mama Barua alisimama kwa nguvu hadi dawati likapinduka. Hakuna aliyemgeukia. Wasichana wawili walikwisha kumpokea Chiriku na kumlaza sakafuni. Mmoja alivua sweta akalikunja chini ya kichwa chake. Safu ya mbele walivuta madawati yao nyuma, kama watu wanaopisha mlango ufunguke. Mwenye masikio makubwa alimgeuza ubavu, akaweka kiganja begani kwake. Hakumkandamiza. Kiganja kilikaa tu pale huku mwili ukiruka na kuruka. Mwalimu alikuwa anatazama saa ya mkononi. Hakuna aliyekimbia. Mtoto mmoja karibu na dirisha alipiga miayo.

"Dakika moja," alisema mwalimu. Kisha, "Moja na nusu."

Mwili ukalegea. Mwenye masikio makubwa alimfuta mate kwa kitambaa, akamfunika kanga kiunoni, akarudi kukaa. Alichukua daftari lake na la Chiriku, akayaweka sambamba, akaanza kuandika katika yote mawili.

"Swali la nane," alisema mwalimu, akigeukia ubao. "Nani?"

Mikono ikainuka. Mama Barua aliinua dawati lake polepole ili lisipige kelele. Akakaa tena. Nje Taratibu alipiga honi mara moja, akapiga tena, na yeye hakwenda.

Walikuwa wamefika la kumi Chiriku alipofungua macho. Alikaa, kanga ikiwa bado kiunoni, akatazama ubao kwa muda kama anayesoma kibao cha njiani. Alivuta daftari lake kutoka kwa mwenzake, akapitisha kidole chini ya mistari.

"La tisa umelikosea," alisema, ulimi bado mzito. "Nukta umeiweka wapi wewe, ona sasa, umenikosesha na mimi."

"Ningekuachia hewa tupu?"

"Afadhali hewa," alisema Chiriku, na akaanza kumweleza kwa nini, kwa kirefu, hadi mwalimu alipogonga ubao kwa chaki na kumwambia anyamaze.